Mguu wa Kuku, Mkono wa Binti Yangu

Binti yangu alikuwa na mifupa mingi kuliko mimi, na jambo hilo lilimpa kiburi. Nilimweleza mwenyewe, siku moja tukichambua maharage mlangoni: mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita, lakini mtoto anazaliwa na mingi zaidi, kwa sababu mingine bado iko vipandevipande. Fuvu la kichanga lina nafasi laini kati ya mfupa na mfupa. Chini kabisa ya uti wa mgongo kuna pingili zinazoshikana polepole, mwaka kwa mwaka, mpaka zinakuwa kitu kimoja. Alikuwa na miaka kumi na moja. Tangu siku hiyo, kila nilipomgombeza alinijibu kwamba nisimwonee mtu aliyenizidi mifupa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini huyo alijua pa kunishika, na nilikuwa nacheka.

Nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari huku Majengo, mjini Goma. Wanafunzi wananiita Madame Mifupa, wakidhani sijui. Shule haina kiunzi cha plastiki, kwa hiyo nilichora cha kwangu kwa makaa juu ya gunia la mchele lililopasuliwa, kirefu kama mtu, na mbavu zake nilizihesabu mara tatu kabla ya kuzichora. Mifupa ya kweli nilikuwa naiomba kwa wachoma mbuzi. Naichemsha nyumbani katika sufuria kuukuu mpaka majirani wa Mabanga wanalalamika harufu, naianika juu ya mawe meusi, halafu naukata mfupa wa paja kwa msumeno ili wanafunzi waone ndani. Wanashangaa siku zote. Wanadhani mfupa ni kama jiwe, kumbe ndani kuna vishimo, kuna uboho, kuna damu inayotengenezwa hapo hapo wakati wao wanapiga kelele. Nawaambia: mfupa uko hai. Ukivunjika, unajiunga wenyewe. Damu inaganda pale palipovunjika, kisha linakuja gegedu laini, kisha mfupa mpya. Fundi hauungi mfupa. Anaushikilia tu mahali pake, mfupa unafanya kazi yake.

Somo la mkono lilikuwa la binti yangu. Alikuwa akitoka shule ya msingi, ambayo iko nyuma ya ukuta wetu, anapita darasani kwangu, anakunja mkono wa sare na kusimama mbele ya wakubwa bila haya. Mimi naelekeza kwa fimbo. Hapa juu ni humerus, mmoja peke yake. Chini ya kiwiko ni miwili: cubitus upande wa kidole kidogo, radius upande wa kidole gumba. Namwambia ageuze kiganja juu, ageuze chini, nao waone jinsi radius inavyojiviringisha juu ya mwenzake. Bila hiyo usingefungua mlango kwa ufunguo, usingemimina chai. Kisha namwambia afungue vidole na kuvifunga, na nawaonyesha nyama ya mkono ikicheza chini ya ngozi, karibu na kiwiko, mbali kabisa na vidole vyenyewe. Nyama iko huku, kamba zake zinakwenda mpaka kule. Nyama inavuta, mfupa unafuata. Binti yangu alikuwa akivichezesha vidole hivyo kwa mbwembwe, na wasichana wa nyuma wanampigia makofi.

Nayaandika haya ili ijulikane kwamba sikuwa mjinga. Kuna watu wanaopoteza kwa kutojua, nao wana haki ya kulia. Mimi sina.

Papa yangu hakusoma hata siku moja, lakini alikuwa akiunga mifupa. Nilipokuwa mdogo Kibumba, watu walimjia kutoka milima yote ya karibu: wakulima wa viazi walioanguka na mizigo, vijana waliorushwa na chukudu zao, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kwenye mteremko, gurudumu likigonga jiwe, hata ng'ombe waliovunjika miguu. Kazi yangu ilikuwa kushika kibuyu cha samli. Papa alikuwa akiipasha moto, anaipaka, anafumba macho, anapitisha kidole gumba juu ya uvimbe polepole. Ungedhani amesinzia. Halafu anasema, "Iko hapa," na ilikuwa hapo. Hajui neno radius, lakini ameshika radius nyingi kuliko nilizowahi kuzichora. Mtu mmoja anashika kiwiko, papa anavuta, mfupa unarudi kwake kwa mlio ambao bado nausikia nikiutaka. Kisha anapanga vipande vya mwanzi kuzunguka mkono na kufunga kwa vitambaa vya kitenge.

Halafu kuku. Kila mgonjwa alileta kuku wa kwao. Papa alimshika, akamvunja mguu kwa vidole viwili, pale chini kwenye magamba, akamfunga mwanzi mdogo kwa kitambaa kile kile na kwa namna ile ile, akamwachia uani. Siku kuku atakapoukanyagia mguu wake, ndiyo siku ya kumfungua mgonjwa. Kabla ya hapo, mkono wa mtu mwingine haugusi kamba. Mgonjwa hafungui, mama yake hafungui, daktari hafungui. Kukata kamba ya muunga mifupa ni kumwambia mbele za watu kwamba mikono yake imekufa. Na wale waliolia kwa maumivu alikuwa na neno lao moja, analisema kwa upole kabisa: "Ikiuma, inashika." Maana yake maumivu ni mfupa unaoshikana. Nilikua na neno hilo kama wengine wanavyokua na sala ya jioni. Nilipoanguka, nilipoumwa jino, hata nilipokuwa na uchungu wa kuzaa huyu huyu mtoto, nililisema.

Vita vilipofika Kibumba, papa alishuka Goma kwa miguu na koti lake na mfuko wa mianzi. Viazi vilibaki ardhini. Tulimpa kitanda karibu na dirisha, na mchana alikuwa akikaa uani juu ya kigoda, mgongo ukutani, akitazama mawe ya volkano ambayo hayaoti kitu. Hakuna aliyemjua. Watu wanapita, wanasema "Jambo muzee," wanaendelea. Baada ya wiki chache nilimsikia akiniomba ruhusa ya kuchota maji ya kunawa. Papa yangu, kuniomba mimi maji. Nilimkaripia, maana sijui kuonyesha huzuni kwa njia nyingine, nikamwambia hii ni nyumba yake. Akaitikia vizuri, na kesho yake akaomba tena.

Ilikuwa Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Baba wa mtoto alikuwa Butembo kwa biashara na barabara ilikuwa imefungwa nyuma yake. Binti yangu alikuwa akirudi kutoka bombani na bidoni yake ya maji, akakanyaga jiwe lisilotulia. Mawe ya hapa kwetu ukiyaangukia hayakusamehe. Aliweka mkono mbele kujikinga, kama kila mtu angefanya, na mifupa yote miwili ikavunjika katikati. Aliingia uani amejishika mkono uliopinda mahali ambapo mkono haupindi, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba bidoni haikupasuka.

Nilikuwa nimekwisha chukua kitambaa cha kumfungia shingoni twende hospitali. Papa akasimama.

Sikuwa nimemwona akisimama hivyo tangu alipofika. Aliinuka bila kushika ukuta. Sauti yake ilikuwa ile ya Kibumba. "Mulete hapa mutoto. Mulete samli." Majirani waliosikia kilio walikuwa wameanza kuingia, na mwanamke mmoja akasema vizuri hivyo, maana hospitali watamkata mkono. Maneno hayo yanasemwa mji mzima. Nilijua si kweli, nami sikujibu. Nilikuwa namtazama papa akikunja mikono ya koti lake.

Ni mimi niliyeshika kiwiko. Papa alifumba macho, akapitisha kidole gumba, akasema "Iko hapa," akavuta. Binti yangu alipiga kelele moja, kisha mkono ukawa umenyooka, kweli umenyooka, na watu uani wakasema "Aaah" kwa pamoja. Machozi yalinitoka kwa fahari. Halafu akafunga. Alipofika kitambaa cha tatu aliking'ata kwa meno ili kikaze zaidi, nami nikaona. Mkono uliovunjika sasa hivi bado utavimba, unahitaji nafasi. Nilikuwa na sentensi hiyo mdomoni, imekamilika, kama ninavyoiandika ubaoni.

"Papa," nikasema, "haikukaza sana?"

Hakuinua macho. "Ni mimi niko nafunga, ao ni wewe?"

Majirani wakacheka, si kwa ubaya. Nami nikacheka nao. Kisha nikaenda kumkamata kuku wetu mwekundu, nikampa papa, akamvunja mguu na kumfunga.

Usiku ule sitausimulia. Aliyewahi kukaa na mtoto anayeumwa anaujua, na asiyekaa simwombei aujue.

Jumapili asubuhi, nuru ilipoingia, nilitazama vidole vyake. Vilikuwa vimevimba na kupauka, na nilipovishika vilikuwa baridi. Nilibana ukucha mpaka ukawa mweupe, nikauachia, nikangojea rangi irudi. Ilichelewa. Nikakishika kidole cha kati nikajaribu kukinyoosha kidogo tu, akapiga kelele ambayo hakupiga hata mfupa ulipovutwa. Hapo nilijua. Sisemi nilishuku. Nyama ya mkono imelala ndani ya mifuko migumu isiyotanuka. Ikivimba na nje kuna mianzi iliyokazwa, haina pa kwenda, inabana mishipa yake yenyewe na damu haipiti. Mfupa ungesubiri. Mfupa una subira, unaweza kukaa wiki nzima ukijipanga. Nyama haina subira hiyo, inahesabu masaa.

"Ikiuma, inashika," papa alisema kutoka dirishani. Alikuwa ameamka na anavaa koti.

Nikatoka uani kumtazama kuku. Hili ndilo ninaloona aibu nalo kuliko yote. Kuku alikuwa ameegemea sufuria yangu ya mifupa, anadonadona, mguu uliofungwa ameunyanyua, na vidole vyake chini ya kitambaa vilikuwa vinacheza vizuri, vinakunjika na kukunjuka. Nilimwinua nikavigusa. Havikuwa na kasoro. Na mimi, Madame Mifupa, mwalimu wa watu, nikapata faraja kwa kuku. Nikajiambia: kamba ni ile ile, fundi ni yule yule, huyu ni mzima, basi labda na yule ni mzima. Kila mtu aliyewahi kuguguna mguu wa kuku hapa Goma anajua kwamba pale kwenye magamba hakuna kitu cha kula. Ni ngozi, mfupa na kamba. Nyama yote iko juu, ndani ya manyoya. Hakuna cha kuvimba pale. Ungeweza kuufunga kwa waya na kuku angepona. Nilikuwa nimelifundisha hilo kwa miaka, nikiwa nimeshika mguu wenyewe. Asubuhi ile halikunijia, au lilinijia nikalifukuza.

Baada ya misa watu walianza kuja. Habari ilikuwa imetembea: kuna muzee ametoka Kibumba, anaunga mifupa, amenyoosha mkono wa mjukuu wake mbele ya macho ya watu. Mwanamke alimleta mama yake mwenye nyonga inayouma. Mwendesha chukudu mmoja alikuja na goti. Papa alikaa kwenye kigoda chake, amevaa koti lililofungwa vifungo vyote, na watu wamekaa mbele yake juu ya mawe wakingoja zamu. Alikuwa anawahadithia habari za ng'ombe aliyemwunga mguu. Walikuwa wanamwita papa. Alicheka, na nikakumbuka kwamba ana pengo upande wa kushoto, maana sikuwa nimeliona tangu afike.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango na mkasi mkononi.

Nilisimama hapo muda ambao siwezi kuupima. Binti yangu alikuwa kitandani. Alikuwa ameacha kulia. Papa aligeuza kichwa, akasikiliza ule ukimya, akawaambia watu wake, "Munaona? Imeshika." Wakaitikia kwa vichwa. Nami niliujua ukimya ule ni wa nini. Mishipa ya fahamu ikikosa damu inanyamaza. Nilichotakiwa kufanya ni hatua tano na kukata vitambaa vitatu. Lakini ningevikata watu wale wakiwa mlangoni, nao wangejua. Ningemwambia papa yangu, siku aliyoanza tena kuwa mtu, kwamba mikono yake imekufa. Wazee wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu. Nilirudisha mkasi kwenye droo, nikaifunga droo taratibu ili isipige kelele, nikaenda kuwapikia wageni chai.

Ilikuwa alasiri watu walipotawanyika. Nilimpelekea uji. Alikuwa macho, ametulia, anatazama dari.

"Mama," alisema, "mukono siusikie tena. Ni kama haiko yangu."

Nilikata. Nilikata kwa pupa, mpaka nikamchuna ngozi, naye hakusikia. Chini ya kitenge kulikuwa na malengelenge na mifereji ya mianzi iliyozama katika nyama. Papa aliingia na kikombe chake cha chai bado mkononi. Alitazama vitambaa sakafuni.

"Umekata kamba yangu," akasema.

Nilimpakata mtoto, tukapanda piki-piki, na njia nzima nilikuwa nimeushika mkono ule juu, upepo ukipiga vidole visivyosikia upepo. Nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti, na dereva alikuwa akiniitikia amina bila kugeuka.

Daktari alikuwa kijana, mwembamba, amechoka. Aliupasua mkono kwa urefu, kutoka karibu na kiwiko mpaka karibu na kiganja, ili nyama ipate kupumua. Sehemu nyingine ilikuwa imekwisha kuwa ya kijivu. Aliniita pembeni akaniambia kwa Kifaransa cha polepole, kisha kwa Kiswahili ili ahakikishe nimeelewa: "Hii ilikuwa kazi ya jana, mama. Ile nyama haingojake." Akaniuliza nafanya kazi gani.

Nilimwambia nauza makaa sokoni.

Alitikisa kichwa kwa huruma. Akasema si kosa langu, wengi hawajui. Nilimshukuru.

Tulikaa hospitali, tukarudi, tukawa tunakwenda kusafishwa kidonda. Papa hakuuliza kitu. Watu wa nyonga na magoti walikuja mara moja zaidi, akawaambia anaumwa, wakaacha kuja. Alirudi kwenye kigoda. Lakini kila asubuhi alikuwa akimwita kuku kwa punje za mahindi, anamtazama mguu, anakaza kamba kidogo au anailegeza, kama alivyofanya maisha yake yote. Sikumkataza. Nilichukia kumwona yule kuku kuliko nilivyowahi kuchukia kiumbe chochote, na sikuthubutu kumchinja.

Shuleni nilifika kwenye somo la mkono nikaliruka. Nilikunja gunia langu nikawaambia tuingie kwenye meno. Msichana mmoja aliinua kidole akauliza mtoto wa mkono atakuja siku gani, nikampigia kelele aketi.

Kuku alisimama kwanza. Alivuka uani kwa miguu miwili, akaparamia mawe, akafukua. Siku chache baadaye hospitali walipiga radiografia, na yule daktari akaiinua dirishani ili nami nione. Radius imenyooka. Cubitus imenyooka. Mfupa mpya umezunguka mahali palipovunjika kama fundo la kamba safi. Alisema mwenyewe kwamba aliyevuta mkono huu alikuwa na mikono ya ajabu. Nilikaa kwenye benchi nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama kuna mtu amefariki.

Papa aliomba kuuona mkono jioni ile, jua likiwa bado juu ya ukuta. Lilikuwa ombi lake la kwanza tangu lile la maji. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi akimrushia kuku mchele. Alimpa mkono bila kinyongo. Papa alifumba macho, akapitisha kidole gumba upande mmoja kutoka kiwiko mpaka kiganja, akarudi upande wa pili. Alirudia. Uso wake ukafunguka.

"Imeshika," akasema. "Imenyooka kabisa." Na alikuwa anasema kweli. "Sasa fungua bidole, mutoto yangu."

Hakuvifungua. Vilibaki vimejikunja kuelekea kiganjani. Papa alidhani anaogopa. Akamshika kiganja, akakiinamisha chini, na vidole vikalegea kidogo, akatabasamu. Akakinyoosha, vikajikunja vyenyewe. Akainamisha, vikalegea. Akanyoosha, vikajikunja. Kuku anapochutama juu ya mti kulala, vidole vyake hushika hivyo hivyo, kamba ikivutwa, na hakuna anayemwamuru. Papa aliendelea kukiinamisha na kukinyoosha, tena na tena, mpaka nikamshika mkono wake mwenyewe nikauzuia.

"Kuku amepona," akasema. Alikuwa kama anamshtaki mtu. "Nilifunga sawasawa. Kamba ile ile. Kuku amepona juu ya nini?"

"Mguu wa kuku haina nyama, papa. Pale pa kufunga haina nyama. Mukono iko na nyama, inavimba. Ikikosa damu, inakufa."

Alimtazama kuku muda mrefu. Nilifikiri atabisha. Amefunga watu kwa zaidi ya miaka yangu yote, na sasa nilimwona akiwapitia mmoja mmoja, wale waliokuja wakashukuru, na wale ambao hawakurudi kabisa Kibumba kusema asante.

"Na weye," akasema, "mambo ya kuku, ulijuaka?"

"Nilijuaka, papa. Naifundishaka."

"Na mukono? Ulijuaka tangu lini?"

Ningeweza kumdanganya, kama nilivyomdanganya daktari. "Tangu siku ya mungu, asubuhi."

"Watu walikuwa hapa."

"Ndiyo, papa. Walikuwa hapa."

Hakuniuliza kwa nini. Alielewa kabla sijamaliza, na hapo ndipo nilipomvunja kweli, maana angeweza kuubeba ujinga wake, lakini hakuweza kubeba kwamba mkono wa mtoto ulikuwa bei ya koti lake na kigoda chake. Aliinuka kwa kushika ukuta. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa mianzi, akaisukuma kipande kwa kipande ndani ya mbabula, jiko letu la makaa, lililokuwa na maharage juu yake. Ilikuwa mikavu, ikashika moto mara moja. Nilikoroga maharage ili yasiungue chini.

Binti yangu hakuwa ametutazama. Alikuwa amerudi kwa kuku wake, mchele akiushika kwa mkono wa kushoto.

"Usikasirikie mama, koko," alimwambia babu yake. "Ata miye nilinyamaza. Niliona mama anaangalia bidole byangu, nikasema: huyu anajua mifupa yote, kama iko mubaya atafungua."

Akarusha punje nyingine, na kuku akaikimbilia.